Mama Pimbi na Neno la Kutandika Upepo

Hadithi inapanda mlima!

— Ipande, tuione!

Hadithi inashuka bondeni!

— Ishuke, tuidake!

Na ikituangukia?

— Tutaibeba mgongoni!

Haya, sogeeni karibu. Mwenye mtoto ambembeleze, mwenye usingizi anawe uso. Sisemi kwa sauti kubwa, kwa hiyo mnyamaze ninyi.

Hapo kale, lakini si kale sana, palikuwa na jabali refu ukingoni mwa bonde kubwa. Juu ya jabali alikaa Tai. Chini yake, kwenye nyufa za mawe, walikaa pimbi. Mnamjua pimbi? Ni mnyama mdogo, mnene, hana mkia, na masikio yake ni mafupi kama vifungo vya shati. Ukimwona asubuhi anaota jua juu ya jiwe, utadhani ni jiwe lililoota manyoya.

Tai alikuwa na nguvu. Akikunjua mabawa yake, kivuli chake kilifunika ukoo mzima wa pimbi. Tena alikuwa mlafi. Alikula nyama akashiba, akataka zaidi. Alipokosa nafasi tumboni, akaanza kula maneno.

Mnacheka? Ngojeni niwaambie maneno huliwa vipi.

Siku moja Tai alimwita Panzi. "Panzi, unafanya nini kwenye nyasi?"

"Naruka, Mzee."

"Ruka nione."

Panzi akaruka, tii! Tai naye akaruka, vuu! Akapita juu ya Panzi, akapita juu ya nyasi, akapita juu ya miti, akarudi.

"Nani ameruka zaidi?"

"Wewe, Mzee."

"Basi neno ni langu."

Kesho yake akamwita Kipepeo. "Kipepeo, unafanya nini juu ya maua?"

"Napaa, Mzee."

"Paa nione."

Kipepeo akapaa, papata papata. Tai naye akapaa, vuu! Akapita juu ya Kipepeo, akapita juu ya maua, akapita juu ya mawingu, akarudi.

"Nani amepaa zaidi?"

"Wewe, Mzee."

"Basi neno ni langu."

Ikawa ndiyo sheria ya jabali. Ukitaka neno, unalitenda mbele ya macho ya wote. Ukimshinda mwenzako, neno ni lako. Na atakayetamka neno la Tai bila ruhusa atampa Tai mtoto wake mmoja.

Kunguru, mpambe wa Tai, alikuwa pembeni siku zote. Kazi yake ilikuwa kuitikia. "Kwaa! Haki tupu, Mzee! Kwaa!"

Basi wanyama wakaanza kusema kwa kujikunja. Ukimuuliza Panzi alikuwa anafanya nini, anakujibu, "Nakwenda juu kidogo, halafu narudi." Ukimuuliza Chura amevukaje mtaro, anakujibu, "Nilikuwa kule, sasa niko huku." Ukimuuliza Kipepeo amefikaje kwenye ua, anatazama juu, anatazama chini, anakunong'oneza, "Nimejikuta tu."

Mnanisikia?

— Tunakusikia!

Wakati huohuo watu walianza kuja jabalini. Walitoka mbali, wakiwa na mabegi makubwa mgongoni kama kobe. Walitoa vitambaa vipana, vyekundu na vya manjano, wakavitandaza, wakajifunga kamba, wakakimbia kuelekea bondeni kama waliopandwa na wazimu. Pwaa! Vitambaa vikajaa upepo, watu wakaondoka wakiwa wameketi hewani, miguu inaning'inia.

Panzi akamuuliza Tai, "Mzee, na hawa je? Hawakupi watoto?"

Tai akajikuna shingo. "Hao ni wageni. Wageni hawasumbuliwi."

"Kwaa!" akasema Kunguru. "Ukarimu ulioje!"

Watu wale walikuwa na jina la mchezo wao, lakini walilisema kwa lugha yao, haraka haraka, wala halikushika masikioni mwa mtu wa jabali. Siku moja kitambaa cha mmoja wao kilinasa kwenye mti wa miiba, kikachanika. Mwenyewe akaondoka na sehemu kubwa. Kipande chekundu kikabaki mtini, kikiwa na kamba zake.

Mama Pimbi akakitazama kipande kile, akakivuta, akakifua. Kilikuwa chepesi tena kigumu. Akasema, "Hii ni mbeleko." Tangu siku ile akawa anambeba mwanawe mgongoni kwa mbeleko ile, akimfunga kwa fundo alilofundishwa na mama yake. Mtoto wa Mama Pimbi aliitwa Nunu, na Nunu hakuwa mtoto wa kutulia. Lakini fundo lile, mtoto akitulia linalegea, akirusharusha miguu linakaza. Mama wote hapa wanalijua fundo hilo, msinitazame kama mimi ndiye niliyelianzisha.

Asubuhi moja Mama Pimbi aliifua mbeleko, akaitandika juu ya jiwe ikauke. Jua likapasha mwamba. Upepo wa joto ukapanda kutoka bondeni, vuuuu. Mbeleko ikajaa, pwaa! Mama Pimbi alikuwa ameshika kamba. Alipotaka kuziachia, alikuta miguu yake haigusi kitu. Alikuwa ameketi hewani, ametulia kama aliyeketi kwenye kigoda anachambua mchele. Akazunguka mbele ya jabali. Upepo ulipopungua, akashuka taratibu, akatua mlangoni pake, pu.

Nunu akaja mbio. "Mama! Mama! Ulikuwa unafanya nini?"

Mama Pimbi akafungua mdomo, akamkumbuka Tai, akaufunga. Akafikiri. Akasema, "Nilitandika nguo, nikaketi."

"Ulitandika wapi?"

"Juu ya upepo."

"Aaa," akasema Nunu. "Kumbe Mama unatandika upepo!"

Hapo ndipo neno lilipozaliwa, mdomoni mwa mtoto. Pimbi wakalipenda. Walifundishana hivi: kutandika upepo ni kutandaza nguo mahali pasipo na sakafu, ukaketi bila kuwa na mabawa, ukamngoja upepo afanye kazi yake, ukarudi nyumbani salama. Usiporudi, hukutandika upepo. Umeanguka.

Ukipita kwenye nyufa zao ulisikia, "Shangazi yupo?" "Hayupo, anatandika upepo." Ulisikia, "Wewe mtoto, maliza kula ndipo ukatandike upepo!" Lilikuwa neno lao, wakalitumia kama wanavyotumia maji.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Nunu alikuwa anacheza juu ya mawe. Akatoka jiwe hili kwenda jiwe lile. Akatoka jiwe lile kwenda jiwe kubwa. Akafurahi mno, akajisahau, akapaza sauti, "Mama, tazama! Naruka!"

Vuu! Kivuli kikashuka. Mama Pimbi alipogeuka, Nunu alikuwa chini ya mguu wa Tai, kucha zimemzunguka kama fito za tenga.

"Nani amesema naruka?" akauliza Tai.

"Kwaa! Huyu, Mzee! Nimemsikia kwa masikio yangu yote!"

Wanyama wakatoka. Panzi akatoka, Chura akatoka, Kipepeo akatoka. Wote wakatazama chini. Mama Pimbi peke yake ndiye aliyetazama juu.

"Mwachie mwanangu."

"Ametumia neno langu."

"Neno lako? Alilitumia kwa miguu yake mwenyewe. Wewe ulikuwa umelala."

Wanyama wakashtuka. Chura akameza mate, glu.

"Mama Pimbi," akasema Tai, "unajua unaongea na nani?"

"Namjua. Naongea na mkubwa mwenye tumbo kubwa anayemwogopa mtoto mdogo asitamke. Kila neno la angani unalitaka. Haya, umeshiba? Umeyamaliza yote?"

"Nimeyamaliza yote."

Mama Pimbi akacheka. Moyo wake ulikuwa unapiga du, du, du, lakini mdomo wake ulicheka. "Bado moja."

Tai akageuza shingo. "Neno gani?"

"La nini, Mzee? Wewe chukua mtoto uende zako."

"Neno gani, nimesema!"

"Kutandika upepo."

Tai akalirudia polepole, kama anayeonja mchuzi. "Kutandika upepo."

Kunguru akainamia sikio lake. "Mzee, hayo ni maneno mawili."

"Vizuri zaidi," akasema Tai. "Nayataka yote mawili."

"Huwezi kulichukua hivihivi," akasema Mama Pimbi. "Sheria ni yako, hukuitunga usingizini. Neno hutendwa mbele ya macho ya wote. Nitalitenda mimi, kisha utalitenda wewe. Ukiliweza, neno ni lako na mtoto ni wako, na mimi mwenyewe nitaingia kwenye ukucha wako wa pili. Ukishindwa, mwanangu anabaki kwangu, na kila mtu anarudishiwa neno lake."

"Kila mtu?"

"Kila mtu. Au unaogopa kushindwa na asiye hata na mkia?"

Panzi akakohoa kuficha kicheko.

Tai akaona haya mbele za watu. "Tenda nione!"

Mama Pimbi akaichukua mbeleko. Akaitandaza juu ya jiwe, akanyoosha pembe zake. Akajifunga kamba kiunoni. Kisha akaketi, akangoja. Tai akapiga mguu. "Unangoja nini?"

"Namngoja upepo. Hili si neno la kuamrisha."

Jua likapasha mwamba. Vuuuu. Mama Pimbi akainuka, akakimbia kuelekea bondeni. Pwaa! Akaketi hewani. Akaenda kulia, akaenda kushoto, mikono yake midogo imeshika kamba. Upepo ukapungua, akashuka kidogo, akatulia. Upepo ukarudi, akapanda tena. Hatimaye akatua palepale alipoondokea, pu.

"Umeona?" akasema. "Hakuna kupiga mabawa. Anayepiga mabawa anafanya jambo jingine, nalo jina lake unalo tayari. Kwa hiyo mabawa yako yafungwe."

"Mimi? Nifungwe?"

"Kwaa! Usikubali, Mzee!"

"Ndiyo, usikubali," akasema Mama Pimbi haraka. "Kunguru anasema kweli. Neno hili ni la wanyonge, halikufai. Bakia na uliyonayo. Sisi tutaendelea na letu hapa chini, tutalisema asubuhi, tutalisema mchana, tutalisema mbele yako, nawe utakaa unatusikiliza tu."

Mlafi hawezi kusikia hivyo akakaa kimya. Tai akakunjua mabawa, akayakunja, akajigeuza mgongo. "Funga!"

"Na mtoto? Huwezi kukimbia na mtoto mguuni."

Tai akamsukuma Nunu kwa Kunguru. "Mshike. Akikuponyoka, nakula wewe."

Kunguru akamkanyaga Nunu mkia. Lakini Nunu hakuwa na mkia, kwa hiyo akamkanyaga nguo ya mgongoni, yaani manyoya.

Mama Pimbi akaizungusha mbeleko kwa Tai. Akaipitisha juu ya bawa la kulia, akaipitisha chini ya bawa la kushoto, akavuta kamba kifuani, akafunga fundo la mama yake. Kisha akainyoosha sehemu iliyobaki ili ishike upepo.

"Imekubana, Mzee?"

"Haijabana."

"Vizuri. Ukitulia haitabana. Nakuambia mbele ya watu wote, wasije wakasema nilikuficha. Ukitulia, haitabana."

Tai akamngoja upepo, akinung'unika. Vuuuu. Akakimbia kwa miguu, chapa chapa chapa, kama bata anayefukuzwa jikoni. Pwaa! Nguo ikajaa.

Akaondoka.

Jamani, aliketi! Aliketi hewani, mabawa yamefungwa, ametulia vizuri kuliko hata pimbi. Akaenda kulia, akaenda kushoto. Kunguru akapiga kelele, "Kwaa! Anatandika! Mzee anatandika yote mawili!"

Nunu akamtazama mama yake. Mama Pimbi hakumtazama Nunu. Kama angemtazama, angelia, na siku ile hakutaka Tai aone chozi lake. Alikaza macho kwenye nguo ile nyekundu.

Tai akageuka kurudi jabalini. Alikuwa karibu. Karibu kabisa. Ndipo upepo ukapungua.

Upepo hupungua kwa kila mtu. Pimbi anajua hivyo, anashuka kidogo, anatulia, anangoja. Tai akajiona anashuka. Akawaona Panzi na Chura wanamtazama anashuka. Akaona midomo yao inataka kucheka.

"Mimi sishuki!" akapiga ukelele. "Mimi Tai! Sishuki mbele ya vyura!"

Akapiga mabawa. Fundo likakaza.

Akapiga tena. Fundo likakaza zaidi. Nguo ikakunjika, kamba zikamzunguka shingo, miguu ikaingia pasipo pake. Bingiri! Bingiri! Akajiviringisha kama kitumbua kwenye mafuta, akaanguka, kwacha kwacha kwacha, akanasa kwenye mti wa miiba chini ya jabali. Kichwa chini, miguu juu, amefungwa kama mtoto wa siku saba.

Wanyama wakachungulia ukingoni.

Mama Pimbi akauliza kwa sauti, "Jamani, ametandika upepo?"

Wanyama wakatazamana.

"Nawauliza. Mmetazama kwa macho yenu. Ametandika upepo?"

Panzi akasogea mbele. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Ame... ameanguka."

"Ameanguka!" akasema Chura.

"Ameanguka!" akasema Kipepeo.

Kunguru akatazama chini kwa Tai. Akatazama juu kwa wanyama. Akaunyanyua mguu wake taratibu kutoka kwa Nunu. "Mimi nilikuwa namlinda tu asipatwe na jua," akasema. "Kwaa. Mtoto mzuri huyu."

Nunu akakimbia kwa mama yake. Mama Pimbi akamkumbatia kwa mikono yote miwili, akamnusa kichwa. Mgongoni hakuwa na mbeleko, mbeleko ilikuwa kazini.

Panzi akapanda kwenye jiwe la juu kabisa. "Naruka!" akasema. Akangoja. Hakuna kivuli kilichoshuka. "Naruka! Jamani, naruka! Jana niliruka, leo naruka, na kesho Mungu akipenda nitaruka!"

"Na mimi napaa!" akasema Kipepeo. "Sikujikuta! Nilipaa kwa makusudi!"

Kelele zikajaa jabalini. Kutoka chini, mtini, sauti ya Tai ikapanda. "Mama Pimbi! Nifungue! Nakuamuru!"

"Siamriki."

"Nakuomba."

"Fundo hilo silifungui mimi, Mzee. Linajifungua lenyewe. Tulia tu."

"Sijui kutulia!"

"Utajifunza. Wanangu wote walijifunza, na walikuwa wadogo kuliko wewe."

Wakamwacha palepale anarusha miguu. Alirusha mpaka akachoka, na alipochoka akatulia, na alipotulia fundo likalegea. Akatoka mtini kimya kimya, bila kumuaga mtu yeyote. Mbeleko ikabaki kwenye miiba. Mama Pimbi akashuka, akaichukua, akaifua tena.

Ndiyo maana mpaka leo, jua likipasha mwamba, mnamwona Tai anazunguka juu ya jabali, amekunjua mabawa, hayapigi hata kidogo. Msidhani anawinda tu. Anajifunza kutandika upepo. Na pimbi mmoja hukaa juu ya jiwe anamtazama asubuhi nzima, halafu anapiga ukelele mkali. Watu wenye elimu wanasema anawaonya wenzake. Mimi naambiwa anapiga kelele, "Miguu, Mzee! Kunja miguu!"

Haya, watoto, hadithi ina fundisho. Fundisho ni hili: watiini wakubwa. Mkubwa akitaka neno lenu, mpeni. Akitaka mtoto wenu, mpeni. Msijibizane, msiulize maswali, na mkikutana naye tazameni chini. Mama Pimbi ndivyo alivyofanya, na ndiyo maana Nunu mpaka leo yuko hai, ana wajukuu, na wote wana midomo mirefu.

Hadithi imetua!

— Imetua, haikuvunjika mguu!

Ni ya nani?

— Haina mwenyewe! Anayeiweza aisimulie!